Uzi: 4x4 ndogo na kompyuta zake porini, kabla hujasema "nachukua Land Cruiser tu"

#1 Sepetu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahirisha tangu masika, ila kila nikipita kwenye zile mada za "naomba ushauri gari ndogo ya kwenda nayo kijijini" nakuta majibu yale yale, chukua Land Cruiser, hizi ndogo za kisasa zina umeme mwingi zitakusumbua, gari ni ile isiyo na kompyuta. Sawa. Hela ya Land Cruiser tunaitoa wapi sasa? Wengi humu tuna Jimny, RAV4, X-Trail, Forester, Rush, na bado tunatakiwa kufika msibani hata kama mvua imenyesha siku tatu mfululizo.

Nianze na kilichonitokea ndo mtanielewa. Mwezi wa nne tulipanda Lushoto tukapitiliza kwenda Mtae, gari mbili. Mimi nina Jimny ya 2019, hizi za boksi boksi, JB74, manyo. Jamaa yangu ana Jimny ile ya nyuma yake, JB43, na niseme ukweli, tairi zake ni kali kuliko zangu, mimi nilikuwa bado na zile zilizokuja na gari. Wanaoujua udongo mwekundu wa Usambara ukilowa wanajua, ni sabuni. Kuna sehemu maji yalikuwa yamekata barabara kwa mshazari yakaacha makorongo mawili, ukipanda lazima tairi ya mbele kushoto ining'inie na ya nyuma kulia nayo ining'inie kwa wakati mmoja.

Jamaa akatangulia, kaweka 4L (low, tairi zote nne kwa gia nzito za kutambaa), gia ya kwanza, kapanda vizuri mpaka pale pale. Tairi mbili za hewani zikaanza kuzunguka kama feni. Mbili zilizokanyaga ardhi zimetulia tuli, kama hazihusiki. Akarudi nyuma akajaribu mara ya pili, ya tatu, mwisho akapita pembeni kwenye majani kwa msaada wa vijana na mawe.

Mimi nikaingia pale pale kwenye korongo. Tairi mbili zikazunguka vile vile, nikasema basi yale yale. Nilikuwa nimeshaanza kuutoa mguu kwenye mafuta nikasikia GRRRR-TAK-TAK-TAK kutoka mbele, kelele mbaya ungedhani kuna kitu kimekatika, halafu gari ikajivuta polepole ikapanda yenyewe. Jamaa akaja kuchungulia chini anaulizia nimefunga difu loku (kufuli la kulazimisha tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja) lini na shilingi ngapi. Sijafunga kitu. Injini yangu ni 1.5 ya farasi 102, fremu ni ile ile ya ngazi, ekseli za chuma mbele na nyuma kama za kwake, low yake na yangu zinalingana kabisa. Kilichonipandisha ni breki.

Ndiyo, breki. Gari ilipanda mlima kwa kufunga breki. Naandika sehemu ya pili nikishakula.

#2 Kijana wa Boda

Mkuu umetuacha kwenye mataa aisee. Gari inapandaje kwa kufunga breki?

#3 Dereva wa Watalii

Nimekaa hapa nasubiri nicheke. Miaka 17 nazungusha wageni kaskazini sijawahi kuona kitufe kinavuta gari kutoka kwenye tope.

#4 Sepetu (mleta uzi)

Nimerudi. Mkuu Dereva wa Watalii utacheka baadaye, nisikilize kwanza.

Difu ya kawaida, yale magia katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kushoto na kulia, ile isiyo na loku, ina tabia moja ambayo wengi tunaitafsiri vibaya. Tunasema "inapeleka nguvu zote kwenye tairi inayozunguka bure". Siyo hivyo. Difu inagawa nguvu ya kusokota SAWA KWA SAWA kushoto na kulia, siku zote. Tatizo ni kwamba tairi iliyo hewani haina cha kushindana nacho, hata mtoto anaweza kuizungusha kwa mkono, kwa hiyo nguvu inayohitaji ni karibu na sifuri. Na kwa kuwa difu inagawa sawa, yenye mshiko nayo inapewa sifuri. Umeona hapo? Gari ina farasi 102, ina low, na tairi iliyokanyaga mwamba inapewa mgao wa ile iliyo hewani.

Sasa kwenye kila tairi kuna sensa ya mwendo, zile zile za ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki. Kompyuta inazisoma muda wote mara nyingi sana kwa sekunde. Ikiona tairi moja inakimbia na mwenzake amesimama inajua huyu hana mshiko, basi inaamuru pampu ya ABS iibane breki ya tairi HIYO MOJA tu. Wewe hujagusa pedali. Ile tairi ikibanwa inakuwa nzito kuzungusha, difu inalazimika kusukuma zaidi, na kiasi kile kile inachotumia kupambana na breki upande huu ndicho kinachokwenda upande wa pili wenye ardhi. Ukibana breki kwa nguvu ya 300, mwenzake naye anapata 300. Hakuna uchawi, kompyuta inaidanganya difu kwamba tairi ya hewani imekanyaga chini.

Zile kelele za grrr ni pampu ya ABS inavyopiga kazi. Suzuki wanaiita LSD ya breki (LSD ni difu inayopunguza tairi kuzunguka bure), Toyota kwenye gari zao kubwa wanaiita A-TRC, wengine wana majina yao, kazi ni moja. Kwenye Jimny hii mpya ukiweka 4L mambo ya ESP (mfumo wa kuzuia gari isiselee) ya kukata nguvu ya injini yanazimwa yenyewe, inabaki hiyo LSD ya breki tu, na hicho ndicho unachokitaka kwenye korongo. JB43 ya jamaa haina huu mchezo. Fremu ile ile, ekseli zile zile, tofauti ni programu na mabomba ya breki.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. UKISIKIA ILE KELELE USITOE MGUU KWENYE MAFUTA. Watu wengi wanasema mfumo haufanyi kazi kumbe wanaukatiza wenyewe. Tairi zinazunguka, unashtuka, unatoa mguu, kompyuta inaona tairi imetulia inaachia breki, unakanyaga tena, inaanza upya. Inahitaji sekunde moja mbili kushika. Kanyaga mafuta kiasi, yakae pale pale, usipampu, vumilia makelele, gari itajivuta. Siku ya kwanza roho inauma kwelikweli kwa sababu akili inakwambia unaua gari.

#5 Mama Wawili

Asante mkuu nimeelewa mpaka mwanafunzi wa darasa la nne hapa nyumbani kaelewa. Swali, hizo breki haziishi?

#6 Sepetu (mleta uzi)

Zinapata moto dada, siyo siri. Ukipanda sehemu ndefu ya dakika kumi huku inabana muda wote pedi zinachemka, na kompyuta nyingi zikikadiria joto limezidi zinaacha kubana ili kuzilinda, ghafla gari inarudi kuwa ya kawaida na wewe uko katikati ya mlima. Ndo maana kwa mtu anayeishi kwenye mawe kila wiki difu loku ya chuma bado ni bosi. Kwa sisi wa korongo mbili tatu kwenda kwa bibi, pedi zitaisha mapema kidogo, unabadilisha maisha yanaendelea. Cheki na matope yanayojaa kwenye breki, hayo yanakula pedi kuliko kompyuta.

#7 Dereva wa Watalii

Maelezo mazuri, nakiri. Ila niseme na mimi. Sensa ni kawaya kamepita nyuma ya tairi. Kijiti kimoja kikikavuta, taa zote zinawaka kwenye dashibodi, ABS, ESP, 4WD, mti wa Krismasi. Hapo kompyuta yako inajitoa inakuacha na difu zako tupu. Hilo nimeliona kwa macho, gari ya mgeni, ndogo mpya, imekwama kwa kijiti.

#8 Sepetu (mleta uzi)

Kweli kabisa na hilo lilikuwa kwenye listi yangu. Tope likigandia kwenye ile pete ya sensa nalo linafanya hivyo hivyo. Ukitoka porini usioshe bodi tu ipendeze, piga maji nyuma ya tairi zote nne, angalia waya umekaa kwenye klipu zake. Ila mkuu na wewe kuwa mkweli, hilo gari lenye taa zote limerudi kuwa 4x4 ya kawaida kama za zamani. Halijawa bovu kuliko za zamani.

#9 Dereva wa Watalii

Hapo sina jibu 😂 endelea.

#10 Nakuru Moja

Sasa wadau, mimi niko Nakuru na nina Forester SJ ile ya X-Mode. Huku kwetu ukienda upande wa Narok mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa pamba unashika tairi mpaka zinakuwa kama donati za chokoleti, hata ukiwa na nini. Nimeendesha Forester ya zamani, SH, na hii, na ninaweza kukuambia X-Mode si pambo. Ukibonyeza, pedali ya mafuta inakuwa mvivu, ukikanyaga kidogo haishtuki, gia inakaa ya chini, ile klachi ya kupeleka nguvu nyuma inabanwa zaidi mapema, na breki inakamata tairi inayoteleza haraka kuliko kawaida. Kisha ukishuka mteremko inashuka yenyewe polepole. Ila ukipita 40 kwa saa inajizima, wengi hawajui, wanaibonyeza wakiwa Naivasha wanadhani wako nayo mpaka Narok lol. Na si Forester zote za SJ ziko nayo, angalia kama kitufe kipo kabla hujanunua.

Kitu moja tu. Hakuna low. Kwa mlima mrefu wa mawe nasikia ile sanduku la gia linalalamika.

#11 Sepetu (mleta uzi)

Mkuu wa Nakuru umenisaidia, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mafaili. Kuna 4x4 ndogo za aina mbili na kompyuta inafanya kazi tofauti kwa kila moja.

Za kwanza ni kama Jimny. Kawaida inaenda na tairi za nyuma, ukiweka 4H (tairi nne kwa gia za kawaida) au 4L mbele na nyuma zinafungwa pamoja kwa chuma, katikati hakuna difu. Ndo maana ukikata kona kwenye lami kavu ukiwa 4H gari inakaza kama imeshikwa shati, usifanye hivyo. Hapo mgao wa mbele na nyuma kompyuta haiugusi, kazi yake ni kushoto na kulia tu. Na kuna low, kwenye manyo gia ya kwanza ya low inapunguza mzunguko kama mara 36, gari inatambaa kama kinyonga hata usipokanyaga mafuta.

Za pili ndo wengi tunazo, X-Trail, RAV4 kuanzia ile ya 2006 hivi, na ndugu zao. Hizi kimsingi ni gari za tairi za mbele, nyuma kuna kapulingi ya klachi za umeme karibu na difu. Kompyuta ikitaka inaibana, nguvu inaenda nyuma, ikitaka inaiachia. Ukibonyeza LOCK hujafunga difu yoyote jamani! Umeiambia kompyuta iibane kapulingi mpaka mwisho, basi. Kwenye RAV4 hiyo ukipita 40 kwa saa LOCK inajitoa yenyewe. Na kushoto kwa kulia bado unategemea breki ya TRC, mfumo wa Toyota wa kuzuia tairi isizunguke bure.

Forester iko kivyake, hiyo ni full time, tairi zote nne zinavuta saa zote na klachi za umeme ndo zinapunguza au kuongeza mgao wa nyuma. Ila kwa upande wa kushoto na kulia yuko kwenye boti moja na hao.

Kapulingi nayo inachemka. Ukiwa kwenye mchanga au tope zito unalazimisha dakika nyingi, taa ya 4WD inaanza kupepesa, nguvu ya nyuma inakatwa mpaka ipoe. Siyo ubovu, inajilinda. Simamisha gari, acha injini isinzie kwanza, kunywa maji, piga stori.

Nilipata somo langu kwenye gari yangu ya nyuma, siitaji jina. Nilibadilisha tairi mbili za mbele mpya, za nyuma nikaacha kipara. Natoka Dar, nafika Segera taa inapepesa. Lami tupu! Fundi mmoja akanibadilishia kontroli boksi, nikalipa hela ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu, taa ikarudi siku ya pili. Kumbe tairi mpya ina mzingo mkubwa kuliko kipara, kwa hiyo za nyuma zinazunguka kasi kidogo muda wote, kompyuta inadhani zinateleza na kapulingi inafanya kazi bila kupumzika toka Ubungo. Nikanunua mbili nyingine za saizi na aina ile ile, taa haijawahi kuwaka tena. Kwenye hizi gari tairi nne ni kitu kimoja.

#12 Mie wa Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Maskati, nimezaliwa Unguja, na uzi huu nimeusoma wote kwa raha zangu. Ila yote mlosema ni ya tope. Njooni mchangani muone, huku mambo yanageuka juu chini.

Tukenda Sharqiya, zile Wahiba, mchanga mtupu kama unga. Mtu mgeni kaja na Jimny yake mpya, kaiacha kama ilivyotoka dukani, kaingia mlima wa mchanga kwa mwendo mzuri tu. Kompyuta ikaona tairi zinateleza, nayo mchangani tairi lazima ziteleze, ikamkata nguvu ya injini na ikabana breki. Gari ikafa katikati ya mlima, ikazama mpaka ekseli. Mchangani unachotaka ni mwendo usikatike, ukisimama ushazama.

Sisi la kwanza tunashusha upepo. Jimny dukani wanaijaza psi 26, sie tunashuka 15, wengine chini ya hapo. Hili peke yake lashinda vitufe vyote, wallahi. La pili tunazima ESP. Tena Jimny ina vituko, ukiwa 4H ukazima, ukipita kama 30 kwa saa hivi inajiwasha yenyewe, khasa pale unapochukua kasi. Kwa hivyo wengi huku wanapanda kwa 4L, maana humo ESP yalala moja kwa moja, wanatumia gia ya pili na ya tatu ya low. Injini inapiga kelele lakini inapanda.

#13 Sepetu (mleta uzi)

Shehe umemaliza. Hilo nililisahau na ni muhimu. Kwenye tope jepesi na makorongo acha mifumo ifanye kazi, mchangani na kwenye tope zito lile la kuogelea zima ile inayokata nguvu. Wenye Toyota, kwa nyingi, ukibonyeza kile kitufe cha gari inayoselea mara moja inazima TRC, ukitaka na VSC (ESP ya Toyota) ilale simamisha gari ukishikilie kama sekunde tatu. Ukirudi lami WASHA. Mvua ya Kitonga na ESP imezimwa sikushauri.

#14 Kijana wa Boda

Na kile kitufe chenye picha ya gari inashuka mlima? Kwenye Freelander ya mzee kipo, anasema cha wazungu.

#15 Sepetu (mleta uzi)

Mwambie mzee ana historia kwenye kile kitufe. Kinaitwa HDC, msaada wa kushuka mteremko, na ilianzia kwenye Freelander ya kwanza kabisa, 1997. Land Rover walitoa gari ndogo isiyo na low, sasa mteremko mkali bila low utashukaje kwa gia? Wakatumia ABS, unaondoa mguu kwenye pedali zote, kompyuta inabana breki tairi moja moja gari ishuke kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa hiyo ilizaliwa kwa ajili ya gari ndogo, yale makubwa ya bei mbaya yakaja kuiga baadaye.

Faida yake ni hii. Wewe una pedali moja, ukikanyaga zinabanwa zote nne. Kompyuta inaweza kubana moja ikaachia nyingine. Kwenye utelezi ile tairi inayotaka kuselea inaachiwa kidogo, iliyoshika inabanwa, gari inabaki imenyooka. Binadamu hana miguu minne. Kwenye Jimny ya manyo mimi naweka low, gia ya kwanza, naacha injini ishike, HDC nawasha pale tu ninapohisi mkia unataka kunipita. Ya auto gia yake ya kwanza siyo nzito hivyo, kwa hiyo wao wana haki ya kuitumia zaidi.

#16 Dereva wa Watalii

Nakubaliana. Kuna kijana wetu ana ndogo yenye hiyo, alishuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro na mvua, mguu hajaugusa breki mpaka chini. Wageni walirekodi sauti ya grrr wakadhani ni simba.

Ila waambie na mwisho wa hizi gari. Nimevuta wengi sana waliodhani kitufe kinanyanyua gari.

#17 Sepetu (mleta uzi)

Hahaha simba wa ABS.

Mwisho wake ni tumbo. Kompyuta ikishindwa kukuta tairi yoyote yenye mshiko haina pa kupeleka nguvu, na ukikalia tumbo, yaani difu au fremu imekaa kwenye kichuguu katikati ya makorongo, tairi zote zinakuwa nyepesi, hapo ni jeki na sepetu, jina langu humu halikuja bure. Jimny ina 210 mm chini, pembe ya mbele 37, nyuma 49, zile namba ndo zinaipitisha kabla ya programu. Hiyo ya milango mitano iliyotoka 2023 ina mifumo ile ile ila imerefushwa kama sentimita 34, ukivuka kichuguu tumbo linagusa mapema. Kimo, tairi, upepo, halafu ndo kompyuta.

#18 Fundi Propela

Nimesoma kimya kimya naona mmemaliza bila kugusa dhambi kubwa ya nchi hii. Watu wanakuja gereji, fundi nitolee propela (lile bomba la kupeleka nguvu kwenye difu) gari inakula mafuta. X-Trail, RAV4, Rush, Cami. Wanatolewa. Gari inabaki ya tairi mbili na vitufe vyote vipo vinawaka taa vizuri. Halafu inauzwa kama 4x4. Rush na Cami zina difu ya kati, ukitoa propela gari haiendi mpaka ufunge ile difu ya kati kwa kitufe, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia Rush na anakwambia "hiki kitufe usikizime", shika hela yako ukae nayo mbali.

Na kwa taarifa, mafuta wanayookoa ni ya soda.

#19 Mama Wawili

Jamani mmenitia wasiwasi. Mimi nina X-Trail T31 nimenunua kwa mtu mwaka jana, na ndo maana nilikuwa nafuatilia huu uzi. Nikienda Rombo kwa mama mkwe mvua ikinyesha nazungusha ile roda ya 4WD mpaka Lock, taa inawaka kabisa, lakini tairi za mbele zinachimba tu mpaka nasukumwa. Nilidhani labda natoa mguu kwenye mafuta kama mleta uzi alivyosema.

#20 Fundi Propela

Dada gari iko wapi sasa hivi? Tandika kanga, lala chini upande wa katikati, chukua tochi ya simu. Kutoka kwenye gia boksi kwenda difu ya nyuma unatakiwa uone bomba refu la chuma limepita katikati ya gari, nene kama mkono. Tupe majibu.

#21 Mama Wawili

Nimelala chini wanangu wananishangaa. Bomba la ekzosi naliona. Hilo lingine silioni. Mbele kwenye gia boksi kuna kidude cha duara chenye matundu ya bolti kimekaa peke yake, na nyuma kwenye difu kingine kama hicho.

#22 Fundi Propela

Pole sana. Hizo ni flanji, katikati yake ndo ilikuwa propela.

#23 Kijana wa Boda

Daaaah 😂😂😂 samahani dada lakini daah

#24 Sepetu (mleta uzi)

Dada pole, ila usikate tamaa, gari haijafa. Propela ya T31 used zinapatikana, hakikisha ni ya injini na gia boksi kama yako kwa sababu urefu unatofautiana, angalia krosi na bearing ya katikati hazichezi. Kabla hujafunga mwambie fundi azungushe difu ya nyuma kwa mkono asikilize, imekaa muda gani bila kufanya kazi hatujui, na amwage oili yake aweke mpya. Tairi zako nne zikoje?

#25 Mama Wawili

Mbili mpya, mbili za zamani.

#26 Sepetu (mleta uzi)

Basi anza na hizo, kabla propela haijarudi.

#27 Mama Wawili

Sawa kaka nashukuru. Nimempigia aliyeniuzia. Inaita, hapokei.